Kimoto Kinachosinzia Chini ya Ngazi

Jumatatu, 9 Oktoba

Leo, saa mbili kamili asubuhi, mbele ya umati wa wakazi, mimi Dezső Vadkerti, mwakilishi wa nyumba namba kumi na moja kwa mwaka wa tisa mfululizo, nimefungua rasmi msimu wa kupasha nyumba joto.

Umati: watu watatu na mbwa. Mke wangu Gizella, aliyekuja kwa sababu nilimwambia kuna tangazo. Bibi Rozália wa chini, miaka themanini na minne, aliyekuja na koti, kofia na koti lingine. Na Kornélia wa ghorofa ya kwanza, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekuja kuona kama nitaharibu. Mbwa ni wake. Anaitwa Bodza. Mrefu kama benchi, miguu kama vizibo vya chupa, tumbo linafagia sakafu. Ananinusa kama askari wa forodha.

Nimehutubu kidogo. Kisha nimeshuka peke yangu kwenye chumba cha boila, maana ufunguo ni wa mwakilishi na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuingia. Boila letu, linalochemsha maji ya redieta za vyumba vyote, ni la mwaka sabini na nne, la chuma, zito kama deni la dhambi. Chini kabisa, usawa wa ugoko, kuna kile kimoto cha buluu, si kikubwa kuliko kidole gumba. Kazi yake ni moja tu: kukaa kikiwaka mchana na usiku, ili boila likitaka moto mkubwa limkute mwashaji nyumbani. Nimekiwasha kwa njiti ya tatu. Nikapanda ngazi. Nimepigiwa makofi! (Bibi Rozália alikuwa anapasha viganja joto.)

Saa sita mchana redieta zote baridi. Nikashuka. Kimoto kimezimika.

Mtu mwingine angemwita fundi. Mimi siwezi. Daftari hili linalala chini ya soksi zangu za kiangazi, kwa hiyo naandika wazi: nyuma ya boila kuna mapipa matatu ya buluu, lita mia na ishirini kila moja, yamejaa plamu zilizopondwa za binamu yangu Lőrinc. Zinachacha. Tarehe 27 nina zamu yangu kwenye mtambo wa kukeneka, na zitatoka huko zikiwa palinka, pombe ya kumfanya askofu acheke. Mwaka jana nilizichachisha kwenye beseni la kuogea. Gizella akaenda kuoga kwa dada yake kwa wiki tatu, akarudi na kiapo: akiona tena plamu iliyopondwa ndani ya nyumba hii, anaenda kwa dada yake na harudi. Anajua mapipa yako kwa Lőrinc. Nimemwambia mwenyewe.

Ijumaa tarehe 20 ni mkutano wa mwaka, na kura. Nikishindwa, ufunguo unaondoka. Ufunguo ukiondoka, plamu zinaonekana. Plamu zikionekana, Gizella anafunga sanduku. Yote yananing'inia kwenye kimoto cha ukubwa wa kidole gumba.

Nimekiwasha tena. Nimekitazama kwa ukali.

Jumanne, 10 Oktoba

Kimezimika.

Nimefungua kijitabu cha boila. Kimeandikwa Kicheki. Nimesoma picha. Picha ya nne inaonyesha mtu mwenye masharubu akitabasamu mbele ya tundu. Hitimisho: uchafu. Nimezibua tundu la gesi kwa sindano ya Gizella ya kushonea vifungo. Kimoto kimewaka vizuri mno, kimesimama wima kama mwanafunzi wa Kornélia. Nimechuchumaa kukipongeza. Baada ya robo saa kikaanza kuwa mrefu na mwembamba, kikanyanyuka kutoka kwenye tundu lake kana kwamba kinatafuta kofia yake, kikaondoka. Hakikulipuka, hakikutoa sauti. Kilisinzia tu.

Kichwa kimeniuma mchana kutwa. Ni Kornélia. Ametundika kipimajoto kwenye ngazi, na karatasi chini yake: *Nyuzi kumi na tatu. Saa nne asubuhi.* Halafu: *Nyuzi kumi na tatu. Saa sita.* Mwandiko wa kusahihishia mitihani.

Mchana amenisimamisha mlangoni akaniuliza boila lina nini. Nimesema linazoea hali ya hewa. Akauliza kwa nini mbwa wake anasimama mbele ya mlango wa chini na kulamba kizingiti. Nimesema ni mbwa.

Tahadhari zangu ziko imara, kwa hiyo sina wasiwasi. Chini ya mlango nimesokota blanketi la jeshi. Tundu la hewa, lile linalotazama moja kwa moja dirisha la Kornélia, nimelishindilia magazeti ya miezi miwili. Harufu haitoki hata ya kumpa nzi. Hewa nayo haiingii, lakini plamu hazijalalamika.

Jumatano, 11 Oktoba

Ugunduzi! Kando ya kimoto kuna kijiti cha shaba kinachoonja moto. Kikihisi joto, gesi inapita. Kikipoa, gesi inafungwa, ili sote tusiruke hewani. Nimekisugua kwa tupa ya kucha ya Gizella mpaka kikang'aa kama kinara cha kanisani. Kimoto kikawaka. Nikahesabu mpaka mia nane. Kikasinzia.

Gizella anauliza tupa yake iko wapi. Nimemuuliza kwani ni mara yake ya kwanza kupoteza kitu.

Kornélia amependekeza aitwe Szilárd, fundi wa gesi wa mtaa mzima. Kapendekeza kwenye ngazi, kwa sauti ya darasani, mbele ya watu. Nikasema kwa masikitiko kwamba Szilárd ameenda kwa binti yake mbali na hatarudi kabla ya mwezi kwisha. Wakati huohuo Szilárd akapita nje ya lango kwa baiskeli. Akatupungia mkono. Kornélia akampungia. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Alhamisi, 12 Oktoba

Siku ya sayansi. Nimeamua kutazama kama wanavyotazama wasomi, bila chuki.

Saa tatu nimeingia, nimeacha mlango wazi kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Nimewasha. Nimekaa juu ya ngazi ya kupakia rangi, maana sakafu ni baridi. Kimoto kimewaka dakika arobaini bila hata kutikisika. Nikatoka, nikafunga, nikarudisha blanketi. Saa sita: kimezimika. Nikaingia tena, mlango wazi. Kikawaka saa nzima. Nikatoka, nikafunga. Kikazimika.

Nimeandika pembeni, na kupigia mstari: nikiwepo kinawaka, nikiondoka kinazimika.

Hitimisho ni moja tu, na naliandika bila majivuno. Kimenizoea.

Nimekipelekea redio ndogo ya jikoni, na koti langu la kazini nikalitundika mbele yake ili kione bega la mtu. Redio imepiga muziki wa harusi mpaka betri ikaisha. Kimoto kilikuwa kimeshaondoka zamani. Koti sasa linanuka plamu. Gizella ameninusa wakati wa chakula akaniuliza nimekunywa nini saa nane mchana. Nimesema dawa ya kikohozi. Akasema sina kikohozi. Nikakohoa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Bibi Rozália amehamia kwetu. Gizella ndiye amemleta, na mto wake, na picha ya marehemu mumewe. Chumba cha Bibi kiko juu ya sakafu ya mawe na asubuhi ameonekana akila mkate huku amevaa glavu. Sasa ameketi jikoni kwetu, mgongo kwenye jiko la umeme, anamenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye. Anakohoa. Kikohozi cha kweli, si kama changu.

Sikujisikia vizuri. Nikaenda kumletea blanketi. Hakuna lingine zaidi ya lile la jeshi, kwa hiyo nimempa mto.

Nilimsalimu kama inavyopasa kwa mwanamke mzee, "nabusu mkono, Bibi", na akanikalisha mbele yake. Mumewe alikuwa na ghala la divai lililochimbwa mlimani, na baba yake pia, na Bibi huzungumza kuhusu mambo ya chini ya ardhi kama mabaharia wanavyozungumza kuhusu kina. Akataka nimweleze jinsi kimoto kinavyozimika.

"Kinarukaruka kwanza, au kinasinzia?"

Nikasema kinasinzia. Kinarefuka, kinapauka, kinaondoka.

Kisu kikasimama juu ya kiazi.

"Dezső, mwanangu. Hakuna kitu kinachochacha huko chini?"

Nikasema huko chini kinachochacha ni moyo wangu tu, kwa uchungu wa wakazi. Gizella alikuwa anakoroga supu, akageuka. Bibi Rozália akanitazama kwa muda wa kiazi kizima, kisha akasema sawa, nimpitishie kingine.

Jumamosi, 14 Oktoba

Sokoni nimekutana na msafishaji wa mabomba ya moshi, mweusi kuanzia kofia mpaka viatu. Kama kila mtu mwenye akili, nimeshika kifungo cha koti langu ili nipate bahati. Kifungo kimetoka mkononi. Kilikuwa kati ya vile ambavyo Gizella hajaweza kuvishona wiki hii kwa kukosa sindano. Sijui hesabu ya bahati inakwendaje hapo. Nimekitia mfukoni ili isipotee yote.

Jumatatu, 16 Oktoba

Siku nne kabla ya kura. Ikiwa nyumba haitaki kupata joto, kipimajoto kitapata.

Kornélia alipotoka na mbwa, nimejaza chupa ya mpira maji yanayochemka, nimeining'iniza nyuma ya kipimajoto, nimeifunika kwa kalenda ya kanisa. Ndani ya dakika kumi: nyuzi ishirini na sita! Nimesimama kando yake nikijipepea.

Kornélia amerudi. Amesoma. Amevua kofia. Amefikiri. Amevaa kofia. Akashika ukuta upande wa kulia, kisha wa kushoto, kama daktari, halafu akachomoa kipimajoto akakipeleka hatua tatu mbele. Alipopita nikajaribu kumwambia kwamba joto halisambai sawasawa, ni jambo la kisayansi. Baada ya nusu saa karatasi mpya ukutani: *Ngazi, nyuzi kumi na mbili. Kalenda, ishirini na sita. Tumwombee kalenda.*

Watu wamecheka. Nimesikia mpaka ghorofa ya pili. Mwanamke huyu anataka ufunguo wangu, sasa nina hakika. Mtu hawezi kuwa mcheshi namna ile bila kugombea.

Jumatano, 18 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa mpangilio.

Saa nne Kornélia amemleta Szilárd. Na mkoba wake wa zana. Na Bodza. Nimesimama mbele ya mlango wa boila nimeipanua mikono. Nimesema ufunguo umepotea. Szilárd akasema unaning'inia shingoni mwangu. Nimesema huo ni wa sanduku la barua. Kornélia akasema sanduku la barua halina kufuli tangu mwaka juzi na kwamba yeye mwenyewe aliandika malalamiko, na mimi mwenyewe niliyapoteza.

Hapo Bibi Rozália akatokea, amejiegemeza kwenye fimbo, mkononi ana mshumaa ndani ya chupa ya jamu, imefungwa kamba shingoni kama ndoo ya kisimani. Akamwambia Szilárd aende akanywe kahawa kwa Gizella, iko tayari. Akamwambia Kornélia ampeleke. Halafu akaninyooshea kiganja. Anataka kuona jamu zake za msimu, mle ndani, rafu ya kushoto, ni haki yake. Utamnyima nini mwanamke wa miaka themanini na minne? Nikafungua.

Hakuingia. Alinizuia kwa fimbo kizingitini. Akawasha mshumaa na kuniambia niushushe kwa kamba, taratibu, mbele yangu. Usawa wa kiuno ukawaka. Usawa wa goti ukarefuka. Usawa wa ugoko ukasinzia. Ulisinzia hivyohivyo, kama kile kingine.

"Umeona?"

Nimesema nimeona mshumaa wa bei rahisi.

Akaniambia niupandishe, akauwasha tena, nikaushusha, ukafa palepale tena. Kisha akaongea, bila kupandisha sauti.

"Kaka yangu Ambrus alishuka ghalani kuchukua jagi. Jagi moja tu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alikuwa na haraka, kwa hiyo hakuchukua mshumaa. Zabibu zikichacha zinatoa pumzi nzito, inalala sakafuni kama maji, huioni wala huinusi. Plamu vilevile. Hiyo pumzi ndiyo inayozima kimoto chako, Dezső. Kila siku inakuambia toka, na wewe unakiwasha tena."

Nikasema nina kichwa kinachouma kidogo. Akasema ndiyo, kitauma.

Masharti yake: magazeti yatoke kwenye tundu la hewa sasa hivi, mlango ubaki wazi, mapipa yawe nje ya chumba kile kabla ya kesho jioni. Akifanyiwa hivyo hatamwambia Gizella wala mkutano. Nikabusu mkono wake. Ulikuwa baridi kama bomba.

Nimetoa magazeti. Nimewasha kimoto. Mpaka naandika haya, saa kumi na moja jioni, kinawaka. Redieta ya jikoni imeanza kugugumia. Szilárd ameondoka na mkoba wake bila kuufungua, baada ya vikombe vitatu. Kornélia ameandika: *Kumi na tano na inapanda.* Hakuweka jina langu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nyumba ina joto! Bibi Rozália amerudi chumbani kwake, na picha. Watu wananisalimu kwenye ngazi. Nimeeleza wawili kuhusu kazi ya sindano na tupa, kwa unyenyekevu.

Yamebaki mapipa. Bibi alisema yawe nje ya chumba kile. Sikumsikia akisema nje ya jengo. Lőrinc ana shughuli, balkoni ni ya Gizella, na plamu hazipendi baridi. Nimefikiri tangu alfajiri. Na wazo lilipokuja lilikuwa zuri kiasi kwamba nilikaa.

Alhamisi Kornélia huenda kwenye mabwawa ya maji ya moto kutibu magoti, na Gizella huenda kwa dada yake. Nimeazima kitoroli cha mashine za kufulia, nikasukuma mapipa moja moja kupitia ukumbi mpaka kwenye chumba cha zamani cha kufulia, tunakofanyia mikutano, hatua ishirini. Yalitikisika sana njiani. Yalinguruma kama tumbo la mtu aliyefunga. Nimeyapanga mstari, nikalaza milango miwili ya kabati juu yake, nikatandika kitambaa chetu kirefu cheupe cha meza ya Pasaka mpaka sakafuni. Vikombe, chupa ya maji, kengele ndogo.

Meza ya mkutano! Nani atafuta plamu chini ya mwenyekiti? Dirisha nimelifunga vizuri kwa ajili ya harufu. Mlango nao una mpira mpya. Kesho watapiga kura wakiwa wameegemea kile ninachowaficha, na hawatajua.

Nimejipongeza. Mara mbili.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Naanzia saa kumi na mbili jioni.

Wamekuja wakazi wote sita wenye kura, mimi nikiwamo. Redieta ya chumba cha kufulia inawaka kama jua la Agosti. Nimefungua mkutano kwa kengele. Nimesoma taarifa ya mwaka. Nimeeleza kwa kirefu jinsi nilivyopambana na boila, hatua kwa hatua, kuanzia picha ya nne. Walinisikiliza kwa utulivu ambao sijawahi kuupata. Gizella alipiga miayo. Jamaa wa ghorofa ya tatu alipiga miayo. Nikadhani ni heshima ya joto.

Bodza alikuwa chini ya meza, pua ndani ya kitambaa. Nilifurahi kuwa hanisumbui. Kisha alitaka kutoka. Akasimama, miguu ya mbele ikaenda upande mmoja na ya nyuma upande mwingine, akalala ubavu. Alilala polepole, kama soksi.

Kornélia akaita jina lake. Mbwa hakuinua sikio.

Bibi Rozália akasimama. Sijawahi kumwona akisimama bila fimbo.

"Mnyanyue huyo mbwa, Kornélia, mnyanyue juu. Wewe, fungua dirisha. Wengine wote nje, sasa hivi, msiinamie chochote."

Hakuna aliyeuliza. Watu wameishi miaka mingi na maghala ya divai katika mji huu, na wote, inaonekana, wanaijua sauti ile. Wote isipokuwa mimi niliyekuwa ukurasa wa saba. Nilishikwa kola na mke wangu nikatolewa na karatasi zangu mkononi.

Uani kulikuwa na baridi na nyota. Kornélia alikuwa amepiga magoti yake mabovu kwenye zege, mbwa mapajani, anampuliza puani na kumwita majina ya kitoto ambayo sikudhani anayajua. Sote tulisimama tukitazama ubavu mdogo wa kahawia. Sikufikiria ufunguo. Naandika hilo kwa sababu ni kweli: kwa dakika moja nzima sikufikiria ufunguo.

Bodza akapiga chafya. Akainuka. Akatembea moja kwa moja mpaka kwangu, akatapika juu ya kiatu changu cha mkutano. Kisha akatikisa mkia kwa kila mtu mwingine.

Gizella alirudi mlangoni, akavuta pumzi ndefu nje, akaingia, akanyanyua kitambaa cha Pasaka. Akatoka. Nilingoja sanduku. Nilingoja dada yake.

"Mapipa mangapi, Dezső?"

"Matatu."

"Ulisema yako kwa Lőrinc."

Nilisema yalikuwa yanapita tu. Hakucheka. Akasema haendi kwa dada yake, maana akienda nitaua jengo zima kabla ya Noeli na yeye ataulizwa. Akasema nitalala sebuleni mpaka mwaka mpya na kwamba anataka sindano yake. Kisha akampa Kornélia shali yake amfunike mbwa.

Kura tukapiga palepale uani, maana hakuna aliyetaka kurudi ndani. Nikavua kofia. Nikasema niko tayari kumpisha mshindani wangu. Watu wakatazamana. Nikamwonyesha Kornélia.

"Mimi?" akasema. "Bwana Dezső, nimekuwa mwalimu mkuu msaidizi miaka kumi na tisa. Kazi hiyo sitaki hata mkinikimbiza nayo. Nilichotaka ni redieta."

Akaulizwa jamaa wa ghorofa ya tatu. Hataki. Akaulizwa yule wa ya pili. Anaumwa mgongo. Akaulizwa Gizella, akacheka, mara ya kwanza jioni ile. Nimechaguliwa tena kwa kura sita kati ya sita. Yangu imo.

Kisha Bibi Rozália akapendekeza badiliko dogo, akaungwa mkono kabla hajamaliza sentensi. Ufunguo wa chumba cha boila sasa unakaa kwake. Nikauvua shingoni nikampa. Akauning'iniza kwenye kidani chake cha msalaba na akasema mapipa yakalale uani, mbali na ukuta.

Jumapili, 22 Oktoba

Siku mbili za kutafakari sebuleni. Kochi ni fupi. Akili imechanganua mambo.

Kwanza, ushindi. Kwa miaka tisa sijawahi kupata kura zote. Kelele za Ijumaa zitasahaulika, asilimia mia itabaki kwenye kumbukumbu.

Pili, kimoto. Kinawaka tangu Jumatano, hakijasinzia hata mara moja. Bibi Rozália anasema ni hewa. Namheshimu Bibi Rozália. Lakini ni mimi niliyezibua tundu, ni mimi niliyesugua kijiti, na kazi nzuri huchukua siku kadhaa kuonekana. Mshumaa wake ulikuwa wa bei rahisi, nilisema mwanzo. Na mbwa yule amelamba kizingiti changu wiki mbili. Tumbo lolote lingegoma.

Tatu, plamu. Ziko uani usiku kucha. Asubuhi nimetia sikio kwenye pipa: kimya. Nyuzi nne. Zamu yangu ya mtambo ni Ijumaa, na zikienda hivi hazijamaliza kuchacha, yote ni bure, Lőrinc atanicheka mpaka Pasaka. Sisemi matatu. Matatu ilikuwa tamaa, nakiri. Pipa moja ni jambo tofauti kabisa. Pipa moja halijawahi kumdhuru mtu.

Na Ijumaa uani, katika pilikapilika zote zile, hakuna aliyeniuliza kama kuna ufunguo wa pili.

Saa nne wamekwenda kanisani. Nimeingiza pipa moja, nimeliweka kwa adabu kwenye kona ya chumba cha boila. Mlango nimefunga, ndivyo mlango unavyotakiwa. Blanketi, kwa ajili ya harufu. Magazeti kidogo tu, ya wiki moja. Kimoto kilikuwa kinawaka kimya, kizuri, cha buluu. Nikakiambia sikai.

Wamerudi. Tumekula supu. Gizella amenisemesha mara mbili.

Saa tisa alasiri redieta zimepoa.